Kutu Kwenye Pijo ya Wakfu

Shika Adabu, Likoni
12 Januari 2025

Shangazi yangu Bi Kuluthum,

Shikamoo. Barua hii inaondoka kwetu tukiwa wazima wote isipokuwa Mwanasaumu, mke wangu, ambaye jino linamsumbua tangu Mfungo Nne na hataki kusikia habari ya kung'oa. Watoto wamefungua shule. Paka uliyetuachia ulipohamia Lamu kwa binti yako Afrah amezaa tena, mara hii ndani ya kabati, juu ya kanzu yangu ya Idi. Tunataraji dawa ya macho imekufaa na kwamba Afrah na mumewe hawajambo.

Ulisema mambo ya wakfu hayazungumzwi kwenye simu, kwa sababu maneno ya simu hayana shahidi, na kwamba kila tukizungumza wewe husikii na mimi hukasirika. Yote mawili ni kweli. Basi naandika.

Shangazi, Pijo imeliwa na kutu. Si kutu ile ya kukwaruza kwa msasa. Marehemu baba alipoiweka wakfu pikapu hii iwachukue maiti wa Shika Adabu bila malipo, aliandika kwamba nikiwa mkubwa niwe dereva, kwamba wewe uwe mwangalizi, na kwamba haiuzwi wala haibadilishwi bila saini yako. Nimeiendesha miaka tisa sasa. Sijawahi kukuomba kitu juu yake ila matairi.

Wiki iliyopita niliipeleka kwa Bonface, yule fundi wa kutoka Webuye mwenye gereji nyuma ya duka la mbao. Akalala chini ya gari na bisibisi. Nikasikia mlio kama wa mtu anayetoboa andazi. Akatoka na kuniambia, "Mussab, hii si chesisi tena. Hii ni rangi."

Nilikasirika, nikaingia chini mwenyewe. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Kote nilikopaka lami mwaka juzi, lami iko palepale imeshikana vizuri, na ndani yake hakuna chuma, kuna unga mwekundu. Bonface anasema nilipoipaka juu ya kutu niliifungia maji ndani, ikawa inaoza kwa raha zake.

Usinione mzembe. Nimepaka oili chafu kila mwezi wa sita. Nimepaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara nne. Kila Alhamisi naiosha juu na chini ili Ijumaa iwe safi, hata mikono ikinipasuka. Lakini gari lina umri wa kunizaa, linalala mita mia nne kutoka baharini, na kila tukivuka feri wakati wa bamvua, bahari ikijaa sana, hulikanyagisha maji ya chumvi.

Naomba saini yako tulibadilishe. Changamwe kuna yadi wanakoleta pikapu zilizotumika, na kamati ya msikiti iko tayari kuchangisha. Wanakungoja wewe tu.

Mimi mwanao,
Mussab Faraj


Langoni, Lamu
2 Februari 2025

Mwanangu Mussab, na kwa jina hilo babangu pia, ndiyo maana nakusalimu kwa adabu kabla ya kukugombeza,

Marahaba. Barua yako ilikaa Mokowe siku tisa kwa sababu kondakta wa basi aliitumia kufunikia chai yake, na alama ya kikombe iko juu ya jina langu. Sisi ni wazima. Macho yamepata nafuu kidogo, lakini Afrah ndiye anayeandika na mimi ninasema, kwa hiyo ukiona mwandiko mzuri usinisifu mimi. Mwambie Mwanasaumu asukutue kwa karafuu na aache ukaidi, jino bovu halingoji mtu aridhike.

Sasa gari. Umenieleza habari ndefu ya lami na rangi na feri, lakini hukuniambia unaiosha kwa maji gani. Nimemuuliza Mwanasaumu kwa simu ya Afrah. Amesema unachota kisima cha msikiti.

Mussab, maji ya kisima kile, mtu akitaka chai ya chumvi, hayahitaji kutiwa chumvi. Baba yako alikuwa akinunua maji ya mfereji, na mfereji ukikauka alingoja mvua. Afadhali aliliacha gari na vumbi mwezi mzima. Wewe miaka tisa, kila Alhamisi, juu na chini, umekuwa ukilimwagia bahari kwa ndoo. Wala sisemi ulifanya kwa ubaya. Ulifanya kwa mapenzi, na mapenzi yasiyouliza huharibu kuliko uvivu.

Saini sitoi. Chombo kikioza hakichomwi, hutibiwa. Hapa Lamu majahazi yaliyozeeka kuliko mimi bado yamo kazini, na dawa yake ni sifa. Nimekutumia galoni mbili, mafuta halisi ya papa kutoka Matondoni, kwa basi la Jumatano. Kwangua kutu yote, kausha, upake sifa chini. Itanywa mpaka ndani ya chuma na kutu itasimama. Hiyo yadi ya Changamwe waachie walioizoea.

Usiniandikie tena habari ya kubadilisha.

Shangazi yako,
Kuluthum binti Mussab


Shika Adabu, Likoni
9 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Sisi tunafunga vizuri, ila umeme hukatika kila adhana ya magharibi inapokaribia, na tende za mwaka huu zina kokwa kubwa kuliko nyama. Jino la Mwanasaumu limetoka lenyewe siku ya pili ya mfungo. Karafuu haikuhusika.

Habari ya kisima imeniuma. Sikulala vizuri siku mbili. Hakuna aliyewahi kuniambia, hata baba, na wewe umejua leo kwa kuwa leo ndiyo umeuliza. Nimeacha kuosha kwa maji yale. Hilo moja una haki, na nimelikubali.

Lakini sifa, Shangazi. Nitakueleza polepole nisije nikavunja adabu katika mwezi mtukufu.

Galoni zilifika siku ya Jumatatu, moja imevuja ndani ya basi, na kondakta ameapa hatabeba tena mzigo wako maisha yake. Jumanne nilikwangua, nikapaka chini, na kwa kuwa yalibaki mengi nikapaka na sakafu ya nyuma. Jumatano asubuhi, Bi Nyamvula akafariki. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akiuza mahamri penye njia panda. Nikaitwa, nikaenda. Ningesema nini? Kwamba gari la maiti linanuka papa?

Tulimweka. Wanawe wakapanda pembeni ya jeneza kama kawaida. Hatujafika kwenye lami, paka wa mtaa mzima wako nyuma yetu. Kumi na tisa, mtu aliwahesabu. Nilikuwa nikiendesha polepole kwa heshima ya marehemu na wao wakazidi kuongezeka. Watu waliosimama kando ya njia, ambao ilikuwa wainamishe vichwa, walifunika pua.

Makaburini mtoto wake mkubwa alinivuta kando, leso puani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama yake aliogeshwa sawasawa. Nilimweleza ni gari. Aliniangalia jinsi mtu anavyoangaliwa akisema uongo wa huruma. Wale akina mama walioosha maiti walisikia, na mpaka leo hawamsalimii Mwanasaumu sokoni. Mwanamke ameuza mahamri miaka arobaini, hakuna siku alidhulumu mtu, na mtaa unakumbuka mazishi yake kwa harufu. Hilo nimelifanya mimi, kwa mafuta yako.

Sasa nasema tena japokuwa umenikataza. Kamati imetafuta. Kuna pikapu ndefu ya Kijapani, haijawahi kuishi pwani, ilikuwa Nyahururu ikibeba viazi. Kuna na gari la kufungwa, kama la hospitali, ni safi na lina kiyoyozi. Mimi ningechukua ya viazi. Bonface ameikagua kwa picha tu, anasema picha haitobolewi, itabidi aende mwenyewe. Nipe saini aende.

Mussab


Langoni, Lamu
13 Aprili 2025

Mwanangu Mussab,

Idi yenu ilikuwa njema? Yetu ilikuwa na mvua, na mashua zilisimama siku mbili, ndiyo sababu ya kuchelewa. Afrah amepata kazi ya kufundisha chekechea na sasa anazungumza nami kana kwamba nina miaka minne.

Bi Nyamvula Mungu amrehemu, nimemsomea. Nilicheka ulipofika kwenye paka, kisha nikalia, kwa hiyo usidhani sina moyo. Lakini nani alikuambia upake sakafuni? Nilisema chini. Na sifa ikishapakwa huachwa juani wiki tatu mpaka ikauke, hilo hata mwana wa darasa la kwanza hapa anajua. Kwenu hamjui, na mimi sikukumbuka kwamba hamjui. Tugawane kosa hilo.

Gari la kufungwa sitaki kulisikia. Maiti hafungiwi peke yake nyuma kama nyama ya buchani. Watoto wake hukaa kando yake na mkono juu ya jeneza mpaka kaburini, na baba yako alichagua pikapu kwa sababu hiyo hiyo.

Na ile ya viazi vilevile sitii saini, nami nitakwambia sababu ili usinione mkaidi tu. Unakumbuka jenereta ya madrasa? Ilikuwa nzee, ikauzwa ili inunuliwe mpya. Kamati ya wakati ule ilikaa vikao sita. Watoto walisoma kwa mshumaa miaka minne, mpaka waliokuwa wakisoma wakaoa. Na tangi la msikiti? Lilibomolewa lijengwe kubwa zaidi, sasa pale panaanikwa nguo. Kwetu sisi kubadilisha ni kuondoa. Kile kibovu huondoka leo, na kile kizima huja inshallah. Katikati ya leo na inshallah mtu atakufa, Mussab. Siku hiyo gari ni lipi?

Mchukue fundi akate palipooza, achomelee bati nene, gari liendelee. Na feri uiache. Sasa kuna njia ya Dongo Kundu, zunguka huko hata kama ni mbali, maji ya chumvi yasiliguse tena.

Neno langu ni hilo.

Shangazi yako,
Kuluthum

Mussab, ni mimi Afrah. Naongeza hapa chini bila ya yeye kujua. Usimbane sana. Kila barua yako ikija nikamsomea habari ya gari, hapati usingizi. Hupanda darini akakaa. Nimemuuliza, hasemi. A.


Shika Adabu, Likoni
4 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Nimefanya ulivyoagiza. Bonface alikataa kuchomelea. Alisema bati hushikana na chuma, na hapa hakuna chuma cha kushikana nacho, na kwamba hataki jina lake litajwe siku ya siku. Nikaenda kwa fundi mwingine, Mtongwe, ambaye hakukataa. Amechomelea vipande saba. Ukitazama kwa mbali utasema gari limefungwa bandeji.

Limekaguliwa na kamati. Mwenyekiti alitikisa kichwa akaondoka bila kuaga.

Naliendesha kwa sababu umeniamrisha na kwa sababu watu hawaachi kufa. Kila tukiwa na maiti nyuma, na wanaume wanane wamekaa juu ya sakafu ile, nahesabu matuta. Kutoka kwetu mpaka makaburini ni matuta kumi na moja. Nikishavuka la mwisho ndipo napumua. Nimesema mara tatu kwa maandishi, kama ulivyotaka, na shahidi upo. Sitaandika tena habari hii. Ukitaka kujua mengine, paka amezaa tena na wanawe wamefungua macho.

Mussab


Langoni, Lamu
8 Juni 2025

Mwanangu,

Idi Mubarak. Nilichinja mbuzi mmoja kwa niaba yenu, mdogo kwa umbo lakini mwenye kelele nyingi, wajihi wake ulinikumbusha marehemu mjomba wako.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Nimengoja nyingine wiki tano. Nimempigia Mwanasaumu, akasema una kazi nyingi, kisha akasema kuna mtu mlangoni. Siku ya pili, pia kuna mtu mlangoni. Nyumba yenu imekuwa soko?

Waliokwenda harusi huko wanasema Pijo haikuonekana Ijumaa tatu. Sikuulizi kwa hasira. Gari linakwenda au haliendi? Nijibu neno moja tu, wala usinipe habari za paka.

Shangazi yako


Shika Adabu, Likoni
29 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Haliendi.

Nimeanza barua hii mara nne na kuichana. Mwanasaumu ameninyang'anya karatasi ya tano akaniambia nikichana na hii ataandika yeye, basi bora niandike mimi.

Tarehe 21 Mei alifariki Mbwana, kijana wa Bi Mwanakombo wa nyuma ya shule. Alikuwa na miaka ishirini na sita, alikuwa akifanya kazi Kipevu kwenye makontena, na homa ilimchukua kwa siku tano. Alifia hospitali ya kisiwani. Kumleta nyumbani aogeshwe tulikwenda wawili tu, mimi na kaka yake, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na watu wengi walikuwa kazini. Tulizunguka Dongo Kundu kama ulivyoagiza.

Tulipoiacha barabara mpya na kuingia ile ya Ukunda kulikuwa na tuta lililofunikwa na maji, sikuliona. Sauti ilikuwa ndogo. Nilitegemea sauti kubwa. Gari lilikatika katikati, pale pale kwenye bati la Mtongwe, nyuma ikalala chini na mbele ikatazama juu. Jeneza liliteleza. Kaka yake alikuwa amekaa kando yake, akalidaka kwa kifua na miguu, akabaki hivyo analia na kuniambia niharakishe. Jeneza halikuanguka, Shangazi. Nakuapia. Nikilala naliona likianguka, lakini halikuanguka.

Tulisimamisha magari. Mawili yalipunguza mwendo, na madereva walipoona tulichobeba wakakanyaga mafuta. Nilipigia simu watu watatu wenye pikapu, mmoja yuko Kwale, wawili hawakupokea. Mvua haikukatika. Hatukuweza kumkalisha kijana wa watu barabarani, na wawili hatuwezi kubeba jeneza begani kilomita nne.

Tulimfikisha kwa mkokoteni wa muuza maji.

Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Alifika, akaogeshwa, akazikwa kabla ya alasiri, mtaa mzima ulikuja. Bi Mwanakombo hajaniambia neno baya hata moja, na ndilo linaloniua. Angenitukana ningejua pa kuweka uso.

Pijo iko juu ya mawe kwa Bonface. Tangu siku ile waliofariki wamechukuliwa kwa gari la kuazima, lile la mwenye duka la mbao, na kila mara tunaomba, na kila mara tunaogopa kuambiwa leo haliko.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira nawe, na hasira haijaisha. Nilikuambia Januari. Nilikuambia Machi. Nilikuambia Mei, tena kwa kejeli, na kejeli ile najuta. Najua na mimi ndiye niliyelimwagia chumvi miaka tisa. Nalibeba hilo. Lakini ulipoambiwa limekwisha hukutaka kusikia, na hukuniambia kwa nini, na jenereta ya madrasa si sababu ya mtu kukesha darini. Afrah aliniambia. Usimgombeze.

Saini utoe au usitoe, mimi gari lile siliendeshi tena. Kama udereva wa wakfu unataka mtu mwingine, mtafute. Nitamkabidhi funguo bila kinyongo.

Mussab


Langoni, Lamu
20 Julai 2025

Mwanangu Mussab,

Leo sianzi na habari za nyumba. Sisi wazima, hilo linatosha.

Umeuliza kwa nini. Afrah anaandika haya na ndiyo mara yake ya kwanza kuyasikia yote, kwa hiyo ukiona karatasi ina madoa usishangae.

Kabla ya Afrah nilikuwa na mtoto wa kiume. Unajua alikuwepo, jina lake Salim unalijua, mmeambiwa alifariki kijana na mkafundishwa msiniulize. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa 1993, wewe ulikuwa tumboni mwa mama yako. Alifia hospitali ya kisiwani. Shika Adabu nzima ilikuwa na magari mawili siku zile. La kwanza lilikuwa bovu, na mwenye la pili alisema hapakizi maiti, litamtia nuksi.

Mimi nilikuwa nimekaa na akina mama, maji ya kuoshea yamechemshwa yakapoa, yakachemshwa tena. Saa tisa nikasimama mlangoni. Nilimwona ndugu yangu Faraj kwanza, anakuja katikati ya barabara, ameinama. Halafu ndipo nikaona anachokivuta.

Alikuwa ameazima mkokoteni wa vyuma chakavu upande wa feri. Watu walimfuata njiani wakamwomba wampokee, hakumwachia mtu. Alisema mtoto wa dada yake hatavutwa na mtu mwingine. Alivuta kutoka feri mpaka mlangoni kwangu, akaweka mipini chini, akaingia uani, hakusema nami siku tatu. Mwaka wa pili akanunua Pijo na kuiandikia wakfu. Mimi na yeye hatukuzungumza habari ile tena mpaka anakufa. Mambo mengine yakisemwa huanza upya.

Kwa hiyo wewe ulipoandika kubadilisha, mimi sikusikia kubadilisha. Nilisikia siku isiyo na gari. Niliiogopa siku hiyo mpaka nikaiita mwenyewe. Niliona nikilishika hili bovu kwa nguvu haitakuja, na imekuja kwa mtoto wa Mwanakombo, kwa sababu yangu zaidi kuliko kisima chako. Nimempigia Mwanakombo. Nimemwomba radhi kwa sauti, Afrah akiwa ameshika simu, na amenisamehe kwa wepesi ambao mimi nisingekuwa nao. Nawe nakuomba radhi. Nimeandika neno hilo lisimame kwenye karatasi, kwa kuwa ni mimi niliyetaka shahidi.

Chukueni ile ya viazi. Bonface aende mwenyewe akalale chini yake kabla ya mtu yeyote kulipa, na akisema hapana iwe hapana, hata mwenyekiti akipenda rangi yake. Pijo isiuzwe kwa vyuma mpaka nyingine iwe imesimama mbele ya msikiti, funguo mkononi mwako. Hilo ndilo sharti langu pekee, nawe sasa unajua limetoka wapi. Udereva ni wako. Sijawahi kumfikiria mwingine.

Jambo moja tena. Uliandika mlimfikisha Mbwana kwa mkokoteni, na hukuandika nani alivuta. Nimemuuliza Mwanasaumu, na safari hii hapakuwa na mtu mlangoni. Amesema muuza maji alitaka kushika na ukakataa, kaka wa marehemu alitaka na ukakataa, na ulifika kwa Bi Mwanakombo ngozi ya viganja imebaki kwenye mipini. Nikamuuliza kama baba yako alipata kukusimulia habari ya mwaka ule. Akasema hakukusimulia yeye wala mtu mwingine yeyote.

Basi hukuiga. Ni wewe mwenyewe tu.

Nimetia saini hapa chini, na chini yake Afrah ametia ya ushahidi.

Kuluthum binti Mussab